Nguvu ya jahazi la Amu imo ndani ya ubavu

ANAYENUNUA jahazi mjini Amu aghalabu hutazama kwanza tanga, rangi na nakshi. Fundi mzoefu hufanya kinyume: huingia ndani ya ngama, akainama, akakagua mkuku na mataruma. Huko ndiko uliko usalama wa nahodha, mabaharia na abiria.

Mji mkongwe wa Amu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro visivyopitika kwa gari. Mizigo hubebwa na punda, na baina ya kisiwa na kisiwa husafirishwa kwa vyombo vya baharini. Chombo kilicholegea, basi, si hasara ya mwenyewe peke yake.

Jahazi hulegea kwa sababu bahari hulipinda kila siku. Wimbi linapoinua kiuno cha chombo, omo na tezi hukosa egemeo na kuinama. Mawimbi yanapoinua ncha hizo mbili, kiuno ndicho kinachobonyea.

Aidha, mlingoti uliosimama juu ya mastamu huusukuma mkuku chini kila upepo unapojaza tanga. Maji yakitoka, chombo kilichopakia hukalia mchanga usio sawa. Siku hizi mtikiso wa mashine nao huongeza uchovu huo.

Matokeo yake ni kwamba mbao husuguana, misumari hulegea na pamba ya kalafati hutoka katika maungo. Kukalafati upya huzuia maji kwa muda tu. Ikiwa pamba hutoka mahali pale pale kila mara, ugonjwa si wa pamba bali ni wa mifupa ya chombo.

Mifupa hiyo huanza na mkuku, gogo refu linalotoka mbele hadi nyuma. Juu yake hukingama mataruma, mfano wa mbavu za mnyama. Mafundi wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Amu chenye sifa ya uundaji wa majahazi, hutafuta miti iliyopinda yenyewe msituni, wakaichonga kwa tezo. Taruma lililochongwa kwa kufuata mkunjo wa mti huwa imara kuliko lililokatwa katika ubao ulionyooka, kwa kuwa nyuzi za mti hazikukatizwa.

Hata hivyo, mataruma hukaza chombo upande kwa upande. Kinachokizuia kupinda kwa urefu ni mkuku pamoja na mbao ndefu zinazolazwa ndani, kutoka omo hadi tezi, na kupigiliwa juu ya kila taruma. Mbao hizo huzifunga mbavu zote zikawa kitu kimoja. Jahazi lililochoka laweza kuongezewa mbao za namna hiyo, na taruma lililopasuka likaungwa na jingine kando yake.

Lakini kazi hiyo ina sharti. Kabla ya kupigilia, chombo lazima kiegemezwe hadi mkuku unyooke. Ukikaza mbao wakati chombo kimelala upande, utakuwa umeufunga upinde humo humo, na kuuondoa baadaye ni kazi kubwa kuliko ya kwanza.

Mafundi wa magari wanaijua kanuni hiyo. Magari kama Chevrolet Camaro ya mwaka 1967, iliyoundwa Marekani, yalikuwa na fremu ya chuma upande wa mbele tu, huku sehemu nyingine ikitegemea bodi. Wanaoyatunza leo huchomelea vyuma viwili virefu vya kuunganisha fremu ya mbele na sehemu ya nyuma, ili bodi isijipinde. Nao huchomelea uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu.

Wahenga wa pwani hii walikuwa pia na njia nyingine. Mtepe, chombo kilichoundwa zamani katika visiwa vya kaskazini, haukupigwa misumari ya chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba. Uliachwa unyumbuke, nao ulivumilia kukalia mchanga, ijapokuwa ulivuja na kudai kushonwa upya.

Kwa upande mwingine, chombo cha Flipflopi, kilichoundwa Amu kwa plastiki iliyosagwa upya na kuzinduliwa mwaka 2018 chini ya fundi Ali Skanda, kilileta mtihani mpya. Plastiki hupinda kwa wepesi kuliko mti, hivyo mpangilio wa mkuku na mbavu ulikuwa na uzito wa pekee. Chombo hicho, chenye urefu wa mita 9 hivi, kilisafiri hadi Unguja mapema mwaka 2019.

Mnunuzi na asimame nyuma ya tezi chombo kikiwa pwani, atazame kama mkuku umenyooka. Kisha aingie ndani, agonge kila taruma na kutazama kutu ya misumari. Rangi hupakwa kwa siku moja. Mkuku uliopinda hauponi kwa rangi.