Kaboni yenye kutii umeme

Ba ndugu, historia ya grafeni wengi wanaijua kwa skochi tu: mwaka 2004, pale Manchester, Geim na Novoselov walibandua grafiti, ile ya ndani ya krayo, mpaka wakapata safu moja ya atomu. Nobel ya 2010 njo inafunga hadithi. Miye naona wanaruka sehemu tamu.

Safu hiyo inameza 2,3 % ya mwangaza. Kwa kitu chenye unene wa atomu moja, ni mingi sana! Kioo cha dirisha, kikishatoka kiwandani, rangi yake imeamuliwa. Grafeni hapana. Mwaka 2008, timu ya Feng Wang kule Berkeley iliitilia voltaje, na mwangaza wa infraruji wenye ilikuwa inameza ukaanza kupita. Sababu gani? Umeme unaongeza elektroni. Mwangaza unataka kupandisha elektroni kwenye nafasi ya juu, inakuta nafasi imejaa, sawa vile mutu anakuta teksi imejaa. Basi mwangaza unapita tu.

Mwaka 2009, palepale Berkeley, safu mbili zikatiliwa umeme toka juu na toka chini: pengo la nishati, lenye halikuwako, likafunguka mpaka 0,25 elektronivolti. Pengo la silisiamu haulibadilishe hivyo kwa kugeuza butoni.

Na hesabu ya msingi? Wallace aliiandika Kanada mwaka 1947, wakati grafiti ilitafutwa kwa reakta za nyuklia. Wenye kusoma fizike, ile ekuasio yenye kuwachosha darasani njo ileile.