Dume la Mbegu: Funzo Kutoka Mpwapwa

Ndugu mfugaji wa Nsemulwa, leo tuzungumze habari ya madume.

Ebu tazama zizini jioni ng'ombe wakirudi. Ndama wawili wamezaliwa msimu mmoja, wamekula majani yale yale. Mmoja ana mgongo mpana na mapaja yaliyojaa, mwenziwe amebaki mifupa. Mbona hivyo? Pengine ni minyoo, au maziwa ya mama yalikuwa machache. Lakini sehemu nyingine ni damu, yaani urithi wa baba na mama.

Zamani huku Mpanda ng'ombe walikuwa wachache, kwa kuwa pori la miombo lilijaa mbung'o, au ndorobo, na nagana iliwamaliza. Makundi makubwa yalikuja na wafugaji waliohama, wengi kutoka Usukumani, hasa tangu miaka ya 1970 na 1980. Ng'ombe hao wenye nundu huvumilia jua, njaa na kupe. Ila ni wadogo, na hukua polepole. Je, wanaweza kuboreshwa bila kupoteza uvumilivu wao?

Swali hilo lilikwisha kuulizwa Mpwapwa, mkoani Dodoma. Kituo cha mifugo cha huko kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1905. Wakati wa Waingereza, wataalamu walichanganya ng'ombe wetu wa asili na Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, ambao nao wana nundu na wamezoea joto. Waliongeza damu ya Boran, na kidogo ya Ulaya. Walitaka ng'ombe wa maziwa na nyama anayeweza nchi kame. Walipima, wakaandika daftarini, wakachagua. Mwaka 1958 aina hiyo ikaitwa Mpwapwa. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, si msimu mmoja!

Na nyama je? Uzito na unono hurithiwa vizuri. Ulaini nao hurithiwa, ila kwa kiasi kidogo. Nyama ya ng'ombe wenye nundu huchelewa kulainika baada ya kuchinjwa kuliko ya ng'ombe wa Ulaya. Hata hivyo ugumu mwingi wa nyama yetu hutokana na kuuza ng'ombe mzee aliyekonda. Huyo hata mchemshe kutwa!

Sasa tujiulize wenyewe. Mtoto anataka sare, mnunuzi anapita, anachagua dume changa lililonona. Tunaliuza. Lililokonda linabaki na kupanda majike. Mkulima gani hula mahindi mazuri yote, akapanda yaliyooza? Kwa ng'ombe tunafanya hivyo kila mwaka.

Basi shika haya. Teua dume lililokua upesi, mama yake akiwa mwenye maziwa na anayezaa kila mara. Madume mengine mwite Bwana Mifugo ayahasi mapema, kabla hayajaanza kupanda. Maksai atalima, kisha atauzwa akiwa amenona na bado kijana. Kabla dume halijapanda mabinti zake, badilishana na jirani, madume yote mawili yakiwa yamepimwa afya.

Sare ya mtoto itanunuliwa kwa maksai. Dume la mbegu libaki zizini.