Maji na methanoli kwenye injini ya turbo: "nusu kwa nusu" ilitoka wapi?

Leo naacha kidogo mbolea na viuatilifu. Kijana mmoja anayepeleka nyanya za Ilula mjini kwa gari la petroli lenye turbo ameniletea swali. Akirudi na mzigo wa duka, akipanda Kitonga, injini inagonga. Fundi amemshauri afunge kifaa cha kunyunyizia maji na methanoli, nusu kwa nusu. Kijana anauliza: kwa nini nusu? Kwa nini isiwe robo?

Kipimo hicho kilipata umaarufu kwenye ndege za Vita Kuu ya Pili, na kilikuwa na sababu zake.

Turbo hushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikibanwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka ukijaza upepo. Joto likizidi, sehemu ya petroli hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Huko ndiko kugonga, na kukiendelea pistoni hutoboka. Ukinyunyizia maji kama ukungu, yanageuka mvuke na kunyonya joto. Kilo moja ya maji hunyonya karibu mara mbili ya kilo ya methanoli. Kwa kupoza, basi, maji ndiyo bingwa. Methanoli ina faida nyingine: inaungua kama mafuta, inavumilia kugonga kuliko petroli, na inazuia maji yasigande.

Hapo kwenye kuganda ndipo hesabu ilipofanyika. Wajerumani walikuwa na mchanganyiko ulioitwa MW 50: methanoli asilimia 50, maji asilimia 49.5, na nusu asilimia ya mafuta ya kuzuia kutu. Walikuwa pia na MW 30, yenye methanoli asilimia 30 tu. Huo wa pili ulikuwa na maji mengi zaidi, lakini uliganda kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, wakati MW 50 ulivumilia hadi karibu 50 chini ya sifuri. Ndege inaruka juu kwenye baridi kali, kwa hiyo nusu kwa nusu ilikuwa na maana. Rubani aliruhusiwa kuutumia kama dakika kumi tu mfululizo, kisha aipumzishe injini. Injini zao nyingi zilisukumiwa hewa na mtambo uliozungushwa na injini yenyewe. Aliyekuwa na turbo hasa ni Mmarekani, kwenye P-47 Thunderbolt, naye pia alinyunyizia maji yenye alkoholi rubani alipohitaji nguvu ya dharura.

Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ikaleta jambo hilo kwenye gari la kununua dukani, Jetfire. Injini yake ya lita 3.5 ilitoa nguvu za farasi 215, ikiwa na turbo na mgandamizo mkubwa wa 10.25 kwa 1. Bila kupozwa ingegonga, kwa hiyo ilikuwa na tangi la maji na methanoli, nusu kwa nusu, pamoja na dawa ya kutu. Wahandisi waliweka na kinga: tangi likikauka, presha ya turbo inapunguzwa. Wenye magari wengi hawakujaza tangi. Gari likawa zito, wakalalamika. Baada ya miaka miwili Jetfire ikaondolewa sokoni, na baadaye kampuni ikawatolea wenye magari turbo na kuwafungia kabureta ya kawaida. Binafsi sioni kosa kwenye mchanganyiko. Kosa lilikuwa kumpa mtu wa kawaida tangi la pili la kukumbuka.

BMW walipotoa M4 GTS mwaka 2016, walinyunyizia maji matupu. Tatizo la kuganda walilimaliza kwa kurudisha maji kwenye tangi injini inapozimwa.

Kwetu Kitonga hakuna barafu, kwa hiyo sababu moja kubwa ya nusu kwa nusu haipo. Kijana hahitaji nguvu za ziada, anahitaji injini isigonge. Nimemwambia aanze na vya bei nafuu: petroli inayofaa gari lake, plagi sahihi, na kusafisha kipoza hewa cha turbo kilichojaa vumbi. Akifunga kifaa, fundi asiongeze presha ya turbo kwa kukitegemea, maana siku tangi likiisha njiani, kinga ya Jetfire yeye hana. Maji yawe yasiyo na chumvi, kama ya kuongezea betri. Maji ya kisima huziba nozeli kama yanavyoziba bomba lako la dawa. Na apime kwa ujazo. Lita ya methanoli ina uzito wa gramu 790 hivi, kwa hiyo ukipima nusu kwa mizani umezidisha methanoli.

Methanoli yenyewe ni sumu. Kiasi kidogo hupofusha, kikizidi huua. Kenya mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyochanganywa nayo. Moto wake hauonekani vizuri mchana. Hukaa kama gongo na hunukia kama pombe, kwa hiyo isiwekwe kwenye chupa ya maji wala dumu la kinywaji. Andika SUMU kwa rangi, ifungie stoo pamoja na viuatilifu, na ufunguo ubaki kwako.