Saa ya Dar es Salaam kabla ya 1961: Hifadhidata ya Kanda za Saa kama Chanzo cha Kihistoria

Mtafiti anayeingiza nyaraka za kikoloni katika kompyuta hukutana mapema na swali linaloonekana dogo. Telegramu iliyopokewa Dar es Salaam mwaka 1910 iliandikwa kwa saa iliyotangulia ya Greenwich kwa kiasi gani? Katika lugha ya Python, tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, swali hilo hujibiwa na moduli iitwayo zoneinfo kwa mistari miwili mitatu ya msimbo. Jibu la kawaida hutoka bila kusita: saa mbili na nusu. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo si kipimo. Ni dai la kihistoria lenye waandishi na vyanzo vyake, na halina budi kuhakikiwa kama waraka mwingine wowote.

Moduli hiyo haina ujuzi wake yenyewe. Husoma hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson nchini Marekani katika miaka ya 1980, kisha ikasimamiwa na Paul Eggert. Mifumo ya jamii ya Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na mwanzo huo uliwekwa kwa manufaa ya wahandisi tu. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, ulihesabu sehemu za sitini za sekunde tangu Januari 1971, hesabu ambayo ingejaa kabla ya miaka miwili na nusu. Hata hivyo mwaka 1970 uligeuka kuwa mpaka wa kihistoria. Kanuni ya hifadhidata ni kutenganisha mahali ambapo saa zake zimetofautiana tangu mwaka huo. Yaliyotangulia huhifadhiwa kama nyongeza, na kwa Afrika Mashariki karibu mabadiliko yote ya saa yalitangulia.

Nyongeza hiyo ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka katika atlasi za Thomas Shanks, zilizotungwa kwa ajili ya wanajimu. Hao ndio waliohitaji kujua saa kamili ya mtu kuzaliwa, popote alipozaliwa. Mwaka 2011 kampuni ya programu za unajimu iliwashtaki Olson na Eggert ikidai haki za atlasi hiyo. Shauri liliondolewa Februari 2012, na usimamizi wa hifadhidata ulikuwa umekwisha kuhamia IANA.

Kwa mujibu wa kumbukumbu zilizotegemea atlasi, Nairobi ilifuata saa ya jua ya mji huo hadi 1928, ikatangulia Greenwich kwa saa tatu hadi 1930, kwa saa mbili na nusu hadi 1940, kwa saa mbili na dakika 45 hadi 1960, kisha ikarudi kwenye saa tatu. Toleo la mwishoni mwa 2020 liliifuta picha hiyo baada ya mchangiaji kurejea kwenye matangazo ya serikali yenyewe. Sasa saa mbili na nusu zinaanza Mei 1908, saa tatu zinashika kuanzia katikati ya 1928 hadi Januari 1930, saa mbili na nusu zinarudi hadi mwisho wa 1936, na saa mbili na dakika 45 zinadumu hadi mwisho wa Julai 1942, wakati wa vita. Matokeo yake yanashangaza. Saa sita usiku ya kuingia mwaka 1950 jijini Nairobi ilihesabiwa zamani kuwa 21:15 kwa saa ya Greenwich; leo ni 21:00. Msimbo haukuguswa, lakini tukio limesogea kwa robo saa.

Hali ya Dar es Salaam ni ngumu zaidi. Ilikuwa na kumbukumbu yake hadi 2014, ilipogeuzwa kuwa kiungo kinachoelekeza Nairobi, kwa kuwa miji hiyo miwili haijatofautiana tangu 1970. Kwa programu ya benki hakuna kilichoharibika. Mwanahistoria, kwa upande wake, amepewa kitu cha ajabu: mji mkuu wa koloni la Wajerumani unaendeshwa, mwaka 1910, kwa saa iliyotangazwa katika gazeti rasmi la Waingereza, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1935 nao ulikuwa wa saa tatu katika kumbukumbu ya zamani, na ni wa saa mbili na nusu katika mpya. Usiku wa uhuru, Desemba 1961, umesalimika, maana kumbukumbu zote zinakubaliana juu yake.

Kumbukumbu ya zamani haikutupwa. Imo katika faili liitwalo backzone, ambalo halijumuishwi katika mpangilio wa msingi wa kujenga hifadhidata. Hiyo nayo ni ya atlasi, na kwa miaka yote kabla ya 1931 hutoa saa ya jua ya mji: saa 2, dakika 37 na sekunde 8. Telegramu yetu ina majibu mawili, basi, yanayopishana kwa dakika 7 na sekunde 8. Kwa sababu hiyo katalogi ya nyaraka inapaswa kuhifadhi saa kama ilivyoandikwa kwenye karatasi, pamoja na jina la mahali na toleo la hifadhidata lililotumika, huku ubadilishaji kwenda saa ya Greenwich ukibaki safu ya pembeni inayoweza kuhesabiwa upya.