Dogo Apewe Filimbi: Jinsi ya Kumfundisha Mchezaji Chipukizi Kuchezesha Mechi za Watoto

Mada ya leo ni ya wale wanaopenda soka la chini kabisa, lile la Jumamosi asubuhi kwenye vumbi, siyo la Uwanja wa Mkapa. Makocha watatu wa timu za watoto hapa Magomeni wameniuliza kwa nyakati tofauti swali lile lile: refa wa mechi ya chini ya miaka 12 nitampata wapi, asiyedai hela ya ajabu na asiyependelea? Jibu langu ni kwamba unaye tayari. Ni yule dogo wako wa miaka 15 anayecheza namba sita jioni na asubuhi yupo yupo tu. Kinachotakiwa ni kumfundisha na kumlinda. Hilo la kumlinda ndilo watu wanalisahau, nitalirudia huko mbele.

Kwa wasionifahamu, mimi nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kushika kibendera kwenye mabonanza ya mtaani, na kwa misimu mitatu sasa nawanoa madogo kati ya Makuti na Mzimuni wajue kuchezesha. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona yakifanya kazi, pamoja na yaliyomo kwenye sheria 17 za mpira wa miguu.

Chandimu haina refa, hilo tunalijua wote tuliokulia uswahilini. Kona tatu penati, mwenye mpira akikasirika mechi imekwisha. Watoto wanaamua wenyewe na mambo yanakwenda. Shida inaanza pale wakubwa wanapoingia na jezi, magoli ya miti na kombe. Hapo anahitajika mtu wa kati, na mara nyingi anayeshika filimbi ni kocha wa moja ya timu, au kaka yake. Nani atakubali penati hiyo? Kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA angalau kuna walimu wa michezo. Huku mtaani waamuzi wenye madaraja, wale waliopita kwenye kozi za FRAT, wana mechi zao za ligi na huwezi kuwalaumu wakikosa muda wa kuja kuchezesha watoto wa miaka 10 saa mbili asubuhi.

Wenzetu walishaliona hili. Ujerumani kila klabu inawajibika kutoa idadi fulani ya marefa, ikishindwa inalipa faini. Uingereza mtoto anaweza kuanza kozi ya urefa akiwa na miaka 14. Sisi hatuna haja ya kusubiri faini. Mabonanza mawili ya mtaani kwetu tayari yanafuata utaratibu kwamba timu ikitaka kuingia inaleta madogo wawili wa kuchezesha, na hao hawachezeshi mechi ya timu yao. Utaratibu huo hauna gharama yoyote.

Umri. Mimi nachukua kuanzia miaka 14, na refa lazima awazidi wachezaji kwa miaka mitatu au zaidi. Usimpe dogo wa miaka 14 mechi ya wenzake wa miaka 14. Jumatatu anakaa nao dawati moja, atalipishwa ile penati mpaka likizo.

Haya, twende kwenye mafunzo yenyewe. Siku ya kwanza hakuna filimbi, kuna daftari. Kila dogo anakaa pembeni ya uwanja anaangalia mechi, ila kwa dakika kumi za kwanza anaandika kitu kimoja tu: mpira wa kurusha. Nani kaugusa mwisho, refa kaonyesha upande gani. Dakika kumi zinazofuata anaandika faulo tu. Wanalalamika kwamba inachosha, ila baada ya nusu saa unawasikia wenyewe wanasema "ah, kumbe refa hakuona kwa sababu alisimama nyuma ya watu". Hapo somo limeingia bila hotuba.

Siku hiyo hiyo nawapa maswali, maana kila mchezaji anaamini sheria anazijua. Mpira wa kurusha ukiingia moja kwa moja kwenye goli la wapinzani ni bao? (Siyo bao, ni golikiki.) Ukipokea mpira wa kurusha ukiwa peke yako na kipa, umeotea? (Hapana. Kwenye mpira wa kurusha, kona na golikiki hakuna kuotea.) Beki anaruhusiwa kupokea golikiki akiwa ndani ya 18? Hapa wazee wengi wanaanguka kuliko watoto. Tangu 2019 anaruhusiwa, mpira ukishapigwa na kusogea uko mchezoni. Na kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane? Zamani ilikuwa sekunde sita na adhabu yake ilikuwa faulo ambayo karibu hakuna refa aliyeipiga. Tangu Julai 2025 ni kona. Nimeshaona kocha mtu mzima akitaka kupigana kwa ajili ya kona hiyo, huku dogo aliyeitoa akiwa sahihi kabisa.

Baada ya daftari kinafuata kibendera, wiki mbili au tatu. Hapa ndipo dogo anajifunza kukimbia na beki wa mwisho na kuacha kuangalia mpira kama mshabiki. Kuotea ndiyo sheria ngumu kuliko zote, na ugumu wake siyo maneno, ni macho. Unatakiwa kujua mchezaji yuko wapi wakati mpira unapigwa, siyo wakati unamfikia. Zoezi langu ni rahisi: mmoja anapiga pasi na kusema "sasa!", mwingine amegeukia walipo wachezaji wa mbele, akisikia neno hilo anaganda na kuonyesha nani kaotea. Kwa mechi za watoto wadogo wa saba kwa saba kwenye kiwanja kifupi, ushauri wangu ni kuiacha kabisa sheria hiyo. Sheria zenyewe zinaruhusu vyama vya mpira kulegeza mambo kwa watoto: ukubwa wa uwanja, mpira mdogo, muda wa kipindi, mchezaji aliyetolewa kurudi tena. Mpira namba 4 na vipindi vya dakika 20 vinatosha kabisa.

Halafu ndiyo filimbi. Watu wanadhani kupuliza ni kupuliza. Mtoto anapuliza kwa aibu, inatoka kama ndege mgonjwa, na wachezaji wanaendelea kucheza. Nawapeleka pembeni, kila mmoja anapuliza mara ishirini: fupi kwa mpira uliotoka, kali kwa faulo, ndefu kwa penati. Majirani wanatuchukia siku hiyo. Kuhusu filimbi yenyewe, ukienda kwenye maduka ya vifaa vya michezo Kariakoo jaribu kwanza, zile za plastiki za bei chee zenye kipira ndani zikiingia mate au vumbi zinakata sauti. Ndiyo maana refa wa kikapu wa Kanada, Ron Foxcroft, alitengeneza filimbi isiyo na kipira, Fox 40, ikaingia sokoni 1987. Feki zake zipo tele, nyingine zinalia vizuri tu. Dogo awe na mbili.

Kusimama wapi? Nachora kiwanja mchangani kwa kijiti. Refa anakwenda mshazari, kutoka karibu na kona moja kuelekea kona ya pili kimshazari, ili mpira uwe kati yake na mshika kibendera. Asiwe mbali zaidi ya mita 15 na mpira. Refa akiwa karibu, hata akikosea watu wanamwamini. Akiwa katikati ya uwanja mikono kiunoni, hata akipatia watabisha.

Kadi nawapa mwisho kabisa. Dogo akipewa kadi mapema anakuwa trafiki. Na kadi zenyewe zimetoka kwenye taa za barabarani kweli: refa Mwingereza Ken Aston alipata wazo hilo akiwa kwenye foleni ya taa London, zikaanza kutumika Kombe la Dunia la 1970 Mexico. Kwa hiyo ukiwa umekwama kwenye mataa ya Magomeni unaweza kumfundisha mtoto kitu.

Sasa lile la kumlinda.

Msimu wa kwanza tulikuwa na dogo mmoja, mtulivu, anajua sheria kuliko mimi. Mechi ya chini ya miaka 11 kwenye viwanja vya upande wa Jangwani, akatoa penati dakika za mwisho. Ilikuwa penati halali, beki kamkata mtu mbele ya macho ya wote. Mjomba wa beki akaingia uwanjani na fimbo. Hakumpiga, watu walimdaka, lakini dogo alirudi nyumbani analia, na mama yake akasema basi. Hajashika filimbi tena mpaka leo, na mpira wenyewe anacheza kwa kujificha.

Kama mnaona natia chumvi, kumbukeni Machi 2012 pale Uwanja wa Taifa, mechi ya Azam na Yanga, refa Israel Nkongo alipigwa na wachezaji huku kamera za televisheni zinaangalia. Kama kwa mkubwa mwenye uzoefu na polisi uwanjani yanatokea hayo, mtoto wa kidato cha pili kwenye uwanja usio na hata kamba ana kinga gani?

Kwa hiyo sasa hakuna mechi bila mlezi wa refa. Huyu ni mtu mzima mmoja, anayeheshimika mtaani, asiye na mtoto kwenye mechi hiyo. Anakaa kwenye mstari wa kati. Haingilii maamuzi hata kama dogo kakosea wazi, anaandika, watazungumza baadaye wawili. Kocha haongei na refa, anaongea na mlezi, tena baada ya mechi. Mtu yeyote akivuka mstari, dogo amefundishwa asijibu: anasimamisha mchezo, anakwenda katikati ya uwanja, anamwita mlezi kwa mkono. Mvamizi asipotoka mechi inaahirishwa, na timu yake inapoteza. Makocha wote wanalisaini hilo kabla ya bonanza kuanza. Karatasi ya kawaida tu ya daftari, lakini mtu aliyesaini mbele ya wenzake anaona haya.

La pili, dogo hachezeshi mechi yenye dau. Kombe la mbuzi, mechi za kuwekeana hela, hizo waachieni wakubwa wenye mbavu zao. Siku mbuzi yuko pembeni amefungwa kamba, hakuna anayekumbuka kwamba refa ni mtoto.

La tatu ni posho. Sisi kila timu inatoa shilingi 2,000 kabla ya mpira kuanza, anapewa mlezi, dogo anapata nauli na soda. Isitolewe baada ya mechi hata siku moja, maana timu iliyofungwa haitoi, na iliyoshinda ikitoa peke yake inaonekana rushwa.

Mabinti wasiachwe. Jonesia Rukyaa alichezesha Simba na Yanga kwenye ligi mwaka 2016, kwa hiyo ile hoja ya "mwanamke hawezi kati" imeshajibiwa mbele ya nchi nzima. Kwangu ninao watatu, na mmoja wao ndiye ninayempa mechi ngumu. Juzi kocha mmoja mzee alikuwa anamfokea kutoka kwenye benchi. Binti akasimamisha mpira, akamfuata, akasema, "Shikamoo mwalimu. Naomba ukae, watoto wanakuangalia wewe hawaangalii mpira." Mzee akaitikia marahaba na akakaa. Hiyo sikumfundisha mimi, katoka nayo kwao.

Faida kwa mchezaji mwenyewe naiona jioni. Madogo waliokwisha kuchezesha wanabishana na refa mara chache, na mabeki wao wanaacha kuinua mkono kila pasi inapopita. Na tuseme ukweli, wengi wao hawatacheza ligi kuu. Atakayependa filimbi anaweza kwenda kwenye kozi za waamuzi, kupanda daraja la tatu, la pili, la kwanza, na huko juu kuna beji ya FIFA. Kuanza na miaka 15 ni tofauti na kuanza na miaka 28 baada ya goti kuisha.

Tatizo letu la sasa ni walezi. Madogo wa filimbi ninao kumi na wawili, wakubwa wa kusimama pembeni ninao wawili tu, mmoja wao Jumamosi anafungua duka saa nne. Bonanza la watoto linaanza baada ya mvua kukata na Jangwani kukauka. Kama uko Mikumi, Kagera, Mwembechai au Mapipa, unaamka mapema na unaweza kukaa dakika 40 bila kumfokea mtoto wa mtu, karibu.