Kuhakiki Filamu Darasani: Mfano wa "Watu Wote"

Katika vijiji vya Afrika Mashariki, filamu iliingia kama mwalimu. Kati ya 1935 na 1937, jaribio la filamu za elimu lililokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, lilitoa picha kuhusu kilimo, afya na akiba, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya na Uganda. Baadaye William Sellers, wa Kitengo cha Filamu za Koloni kilichoanzishwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole zisizo na ufundi mwingi, asije akapotea. Dhana hiyo ilipingwa zamani, lakini mazoea yake yangalipo madarasani: filamu ikiisha, tunauliza tu, "Mmejifunza nini?"

Makala haya yanapendekeza swali jingine: filamu imechagua nini katika historia, na imeacha nini? Mfano mwafaka kwa shule za Garissa, Wajir na Mandera ni "Watu Wote", filamu fupi ya Katja Benrath iliyotolewa mwaka 2017 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Wahusika wake huzungumza Kiswahili na Kisomali.

Kwanza, mwalimu aliweke tukio mezani. Mnamo Novemba 2014, wauaji walisimamisha basi karibu na mji wa Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28, wakiwamo walimu. Mnamo Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu wengi waliotoka mikoa mingine walikataa kurudi, na madarasa yakabaki bila walimu. Kisha, Desemba 21, 2015, basi la kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Pili, darasa litazame. Filamu huchukua takriban dakika 22, hivyo vipindi viwili vya dakika 40 vyatosha kuitazama mara mbili na kujadili. Mara ya kwanza isikatizwe. Mara ya pili mwalimu aisimamishe, hata azime sauti, wanafunzi waeleze kamera imesimama wapi na inamtazama nani. Macho hayana pazia, huona yote. Mhakiki ndiye hupambanua.

Tatu, wahakiki. Mbona tunaliona tukio kupitia Jua, msafiri Mkristo mwenye uchungu dhidi ya Waislamu, wala si kupitia Salah? Bila shaka uchungu wake unaipa hadithi mgogoro wa nafsi na safari ya kubadilika. Lakini yafaa wanafunzi wajadili kama hilo linamfanya Mwislamu awe mtu wa kuthibitisha wema wake mbele ya mwingine. Wajiulize pia ni wakati gani wahusika wanahama kutoka Kisomali hadi Kiswahili, na kwa nini. Je, anayeijua filamu hii peke yake atafahamu ni kwa nini walimu waliondoka?

Hapa wanafunzi hawatakubaliana, na ni vyema. Yafaa pia ikumbukwe kwamba baadhi yao walipoteza jamaa au walimu. Asiyetaka kutazama asilazimishwe. Apewe kuandika kuhusu taarifa za tukio lenyewe.

Sifa za "Watu Wote" ni nyingi, na kuihoji si kuwakosea heshima abiria wale. Kinyume chake, kuisifu kwa ujumbe wake pekee ni kurudi kwenye lori la Vugiri. Filamu hukoma baada ya dakika chache, ilhali wanafunzi wa Salah hawakumpata tena mwalimu wao. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa Kiswahili chake mwenyewe ameanza kuhakiki.