Jaji Leonard Sand: Aliyesikiliza kesi ya milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam

JAJI Leonard Sand wa Mahakama ya Shirikisho mjini New York, Marekani, anakumbukwa Afrika Mashariki kwa kesi ya milipuko ya balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam ya Agosti 7, 1998, iliyoua watu 224.

Alizaliwa Mei 24, 1928, Bronx, New York, na kuhitimu sheria Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1951. Alikuwa mwendesha mashitaka wa serikali, kisha wakili wa kujitegemea, hadi Rais Jimmy Carter alipomteua kuwa jaji mwaka 1978.

Mwaka 1985 aliamua kuwa mji wa Yonkers, jirani na New York, uliwabagua weusi kwa makusudi katika makazi na shule. Madiwani walipokataa kutii amri ya kujenga nyumba za gharama nafuu kwenye mitaa ya weupe, mwaka 1988 aliutoza mji faini iliyoanza na dola 100 na kuongezeka maradufu kila siku. Mji ukasalimu amri. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilitengua faini alizowatoza madiwani binafsi.

Kesi ya milipuko ilipoanza kusikilizwa mwaka 2001, Sand aliamua kuwa mgeni anayehojiwa na maofisa wa Marekani ughaibuni, kisha akashitakiwa Marekani, naye analindwa na Katiba dhidi ya kulazimishwa kujitia hatiani. Hata hivyo, maelezo muhimu ya washitakiwa wawili waliohojiwa Nairobi yalipokelewa kama ushahidi.

Mei 29, 2001, jopo la raia 12 liliwatia hatiani washitakiwa wote wanne, akiwamo Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed kutoka Zanzibar. Upande wa mashitaka uliomba wawili kati yao wauawe, lakini jopo halikuafikiana.

Oktoba 18, 2001, wiki tano baada ya mashambulizi ya Septemba 11 yaliyoangusha majengo yaliyokuwa karibu na mahakama hiyo, Sand aliwahukumu wote kifungo cha maisha bila msamaha.

Alifariki dunia Desemba 3, 2016, akiwa na miaka 88. Mahakama ya rufaa ilikuwa imethibitisha kutiwa hatiani kwa watatu kati yao tangu mwaka 2008.